Mkono wa Mwingine: Kumbukumbu, Uchoraji na Hisia ya Mahali katika Aya de Yopougon

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kulishughulikia suala la mahali chini ya kichwa cha mandhari, na mara nyingi kulimaliza kwa sentensi chache: hadithi imetokea mjini au shambani, wakati wa ukoloni au baada ya uhuru, na mazingira hayo yanaafiki maudhui. Kwa mtazamo huo mandhari ni chombo tu, na wahusika humiminwa ndani yake kama uji katika bakuli. Mtazamo huu haukosi faida darasani. Hata hivyo, unashindwa kueleza kwa nini msomaji anaweza kuimaliza riwaya iliyosheheni majina ya barabara bila kuhisi kwamba amefika popote, ilhali riwaya nyingine yenye ua mmoja na mti mmoja humwacha akijua jua la mahali pale linachomoza upande gani. Kinachopatikana katika ile ya pili na kukosekana katika ile ya kwanza ndicho kinachoitwa hapa hisia ya mahali. Makala haya yanaichunguza hisia hiyo katika kazi inayolifanya swali kuwa gumu zaidi, kwa kuwa mahali panaposawiriwa pamekumbukwa na mtu mmoja na kuchorwa na mwingine.

Aya de Yopougon ni riwaya ya picha iliyoandikwa kwa Kifaransa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie. Juzuu ya kwanza ilichapishwa na Gallimard mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikatuzwa katika tamasha la katuni la Angoulême nchini Ufaransa kama kazi bora miongoni mwa juzuu za kwanza. Kufikia mwaka 2010 juzuu zilikuwa sita. Ya saba ikatoka mwaka 2022, baada ya kimya cha miaka kumi na miwili. Hadithi inaanza mwaka 1978 huko Yopougon, mtaa wa watu wa kawaida ulio magharibi mwa Abidjan, Kodivaa, ambao wakazi wake, kwa mzaha uliochanganyika na majivuno, huuita Yop City. Aya ana umri wa miaka kumi na tisa na azma yake ni kuwa daktari. Rafiki zake, Adjoua na Bintou, wanavutiwa zaidi na dansi na wavulana. Kisa chenyewe, yaani mimba, harusi ya haraka na mtoto ambaye sura yake inamfichua baba halisi, kingeweza kutokea Majengo au Kaloleni bila kubadilishwa sana.

Huenda wapo watakaouliza iwapo katuni zinastahili nafasi katika jarida la uhakiki. Swali hilo lilipaswa kuwa limezikwa zamani. Jarida la Joe, lililoasisiwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilikwisha kuonyesha kwamba mchoro na maneno machache yanaweza kuubeba mji mzima pamoja na shida zake za mwisho wa mwezi, na wasomaji wa Taifa Leo waliokua na Juha Kalulu hawahitaji kuhubiriwa juu ya jambo hili.

Kumbukumbu ya nani?

Abouet alizaliwa Abidjan mwaka 1971, akaondoka akiwa na umri wa miaka kumi na miwili kwenda kuishi Ufaransa. Hesabu hii ni nyepesi, lakini wengi wanaoisoma kazi hii kama tawasifu huipuuza. Mwaka 1978 mwandishi alikuwa na miaka saba. Kwa hiyo Aya si Abouet, wala Adjoua si Abouet, wala Bintou. Ikiwa mwandishi yumo kitabuni, basi yumo karibu na sakafu, katika kimo cha mtoto. Aya ana mdogo wake wa kike aitwaye Akissi, na si ajabu kwamba mwaka 2010 Abouet alimtolea Akissi mfululizo wake mwenyewe, uliochorwa na Mathieu Sapin, akakiri waziwazi kwamba humo ndimo ulimojaa utundu wa utoto wake.

Jambo hili lina athari kubwa kwa namna mahali panavyohisiwa. Kumbukumbu iliyozaa Aya de Yopougon si kumbukumbu ya mtu aliyeyatenda mambo yanayosimuliwa. Ni ya mtoto aliyekuwa akiwatazama dada wakubwa wakivaa kutoka, akasikia nusu ya mazungumzo, akafukuzwa, akarudi kupitia mlango mwingine. Mtoto wa namna hiyo anajua nani alipita na nani na saa ngapi. Kwa nini, hajui. Ndiyo maana Yopougon ya kitabu hiki ni mahali pasipo na siri inayodumu. Umbeya humu si kichekesho kilichotiwa ili kuburudisha, bali ndio muundo wenyewe wa hadithi: habari hutoka ua hadi ua kwa kasi kuliko wahusika. Hata Ignace, babake Aya, anayo siri moja tu inayofaulu kukaa kwa muda, na inafaulu kwa sababu imehifadhiwa mbali, mjini Yamoussoukro, ambako ana mwanamke mwingine na watoto. Siku mwanamke huyo anapobisha hodi Yopougon, siri imekwisha. Hakuna maelezo ya mtaa huu, hata yangekuwa marefu kiasi gani, ambayo yangeieleza vyema zaidi tofauti kati ya mahali hapa na pengine.

Maurice Halbwachs, katika kazi yake ya mwaka 1925 kuhusu misingi ya kijamii ya kumbukumbu, alishikilia kwamba mtu hakumbuki peke yake. Hukumbuka akiwa ndani ya kundi, na kundi huiegemeza kumbukumbu yake mahali. Nadharia hiyo inafaa hapa kwa kiasi fulani tu. Inafaa kwa kuwa anachokikumbuka Abouet ni kile ambacho ua mzima ulikijua. Inapwaya kwa kuwa Abouet aling'olewa kutoka katika kundi hilo kabla hajabalehe, na kilichobaki kwake kikalindwa ugenini, Paris, ambako hapakuwa na jirani wa kumsahihisha. Kumbukumbu isiyosahihishwa na mtu hugeuka kuwa ngano. Aliyemwokoa na hatari hiyo ni mchoraji.

Mgeni na mwenyeji

Oubrerie ni Mfaransa, mzaliwa wa Paris. Hapana budi kusema wazi kwamba mkono wa Mzungu unaomchora Mwafrika una historia yake, na historia hiyo si nzuri. Hergé alichora Tintin au Congo katika miaka ya 1930 na 1931 bila kuikanyaga Kongo. Alichora alichokiona katika jumba la makumbusho na alichokisikia kutoka kwa watetezi wa ukoloni, na matokeo yake ni nchi ambayo watu wake wana midomo lakini hawana anwani. Mwaka 2007 Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo alikipeleka kitabu hicho mahakamani nchini Ubelgiji. Mwaka 2012 mahakama ikayatupilia mbali madai yake. Hukumu ya sheria ni jambo moja na hukumu ya uhakiki ni jambo jingine. Kasoro kuu ya Hergé, kwa mtazamo wa makala haya, si kwamba alikuwa mgeni. Ni kwamba hakuwa na mwenyeji.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii kwa kawaida hufasiriwa kwa neema ya karamu, lakini ina maana nyingine ambayo kila mwenye nyumba anaijua. Mgeni anapotarajiwa, mwenyeji hufagia pembe ambazo hajazifagia mwaka mzima, na katika kufagia huona vitu alivyokuwa amevizoea hata akawa havioni. Uhusiano wa Abouet na Oubrerie ni wa namna hiyo. Mwandishi wa maneno anaweza kuandika "uani" na kuendelea na safari yake. Msomaji atajitengenezea ua wake. Mchoraji hana ruhusa hiyo. Hawezi kuchora ua kwa jumla. Lazima achore ua huu, na ili auchore lazima ajue: milango ni mingapi na inatazama wapi? Jiko liko ndani au nje? Moshi unaelekea kwa nani? Televisheni imewekwa upande upi wa sebule, na anayekuja kuitazama huketi wapi ikiwa si wa nyumba hiyo? Mama anapokuwa na hasira husimama vipi, na mikono huiweka wapi? Maswali ya aina hii hayaepukiki katika sanaa hii, na majibu yake hayakai katika vitabu. Yanakaa kwa yule aliyekuwa na miaka saba. Kwa hiyo picha haikuja baada ya kumbukumbu kuipamba. Picha iliidai kumbukumbu mambo ambayo kumbukumbu yenyewe isingejisumbua kuyatoa.

Linganisha na Persepolis ya Marjane Satrapi, iliyotolewa kati ya mwaka 2000 na 2003, ambamo anayekumbuka na anayechora ni mtu mmoja. Satrapi anachora kwa rangi nyeusi na nyeupe tupu, na mara nyingi nyuma ya wahusika wake hamna kitu ila weusi. Tehran yake ni ya nafsi: ina kuta, vitambaa vya kichwani na hofu, lakini si rahisi kujua mtu akitoka mlangoni atapinda kushoto au kulia. Hilo si kosa, kwa kuwa kazi ile inahusu namna dola linavyomfungia mtu ndani ya nafsi yake. Linaonyesha tu kwamba anayejichorea kumbukumbu yake hana haja ya kuulizwa chochote. Yopougon imejaa vitu kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuuliza.

Scott McCloud, katika utafiti wake wa mwaka 1993 juu ya sanaa ya katuni, alidai kwamba uso uliorahisishwa humwalika msomaji kuingia ndani ya mhusika, ilhali mazingira yaliyochorwa kwa undani humpa ulimwengu wa kutembelea. Oubrerie anaielekea kanuni hiyo. Nyuso zake zina mistari michache, macho madogo, kinywa kinachobadilika kwa mkwaruzo mmoja. Lakini vitambaa vina nakshi, vibanda vya sokoni vina bidhaa, na hata mistari ya nyumba haikunyooshwa kwa rula, jambo linalozipa kuta wepesi wa kitu kinachokaliwa na watu. Matokeo ni kwamba msomaji anamwona Aya kwa haraka na kumtazama mtaa kwa utaratibu. Si mara nyingi riwaya ya maneno inaweza kuigawa kasi ya macho ya msomaji kiasi hiki.

Bia, sebule na hoteli mbili

Juzuu ya kwanza inafunguliwa kwa tangazo la bia katika televisheni. Mchekeshaji anakunywa bia ya Solibra, kisha anapanda baiskeli na kulipita basi. Jamaa na majirani wamekusanyika sebuleni kwao Aya kulitazama. Mwanzo huu unaonekana mwepesi, na wapo watakaoupita wakitafuta mahali hadithi inapoanza. Hadithi imekwisha kuanza. Katika sebule hiyo moja kuna bidhaa, ndoto ya nguvu za kiume, fahari ya taifa linaloanza kujiona katika kioo, na baba mwenye nyumba ambaye mshahara wake unatoka katika bia hiyohiyo. Ignace anafanya kazi chini ya tajiri Sissoko na anatamani kumwoza Aya kwa Moussa, mwana wa tajiri huyo. Mtoto wa miaka saba anakumbuka baiskeli na kicheko. Uhusiano wa pesa kati ya sebule hii na jumba la Sissoko, mtoto hawezi kuukumbuka kwa kuwa hakuujua. Lakini nyumba hizo mbili zinapochorwa katika kitabu kimoja, mchoro unausema. Hapa picha inamzidi umri anayekumbuka.

Mfano ulio bora zaidi ni hoteli. Usiku, soko la Yopougon likishafungwa, meza za wachuuzi hugeuka kuwa mahali pa miadi ya wapenzi, na vijana wamepaita Hoteli ya Nyota Elfu. Jina ni kejeli iliyokamilika: hoteli za wakubwa zina nyota tano, hii ina zote zilizoko angani. Katika juzuu ya pili Bintou anapumbazwa na Grégoire, kijana anayejidai ametoka Paris, ambaye anamstarehesha katika Hôtel Ivoire. Hoteli hiyo ni ya kweli. Ilifunguliwa katika miaka ya 1960 na ikasifika kwa kuwa na uwanja wa barafu katika nchi isiyojua theluji. Kati ya meza za soko na uwanja wa barafu ndimo ulimo mji wa Abidjan wa wakati huo, mji ambao Félix Houphouët-Boigny na bei nzuri ya kahawa na kakao viliupa sifa ya kuwa muujiza wa Afrika Magharibi. Kitabu hakitoi hotuba juu ya tofauti hiyo. Kinawapeleka wasichana walewale mahali pote pawili, kisha kinawarudisha nyumbani kueleza waliko­kuwa, na humo katika uongo wao ndimo ramani ya mji inamochoreka.

Kimya cha mwaka 2005

Lawama nzito zaidi inayoweza kutolewa dhidi ya kazi hii ni kwamba inaukumbuka mji kwa utamu uliozidi. Mwezi Septemba 2002 uasi uliigawa Kodivaa vipande viwili, kaskazini na kusini, na kitabu kilipotoka mwaka 2005 nchi ilikuwa bado imegawanyika. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2010 vita vilirudi, na mwaka 2011 Yopougon yenyewe ikawa mojawapo ya mitaa ya mwisho ya Abidjan kushuhudia mapigano. Hakuna hata kivuli cha haya katika kurasa za Abouet. Rangi za Oubrerie, zilizojaa ukahawia wa udongo na umachungwa wa jioni, zinaongeza shaka kwamba msomaji wa Ulaya ameuziwa Afrika inayocheka, kama vile wengine walivyomuuzia Afrika inayolia.

Lawama hii haiwezi kupuuzwa, lakini inausoma ukimya kwa pupa. Yatazame majina. Aya na Adjoua ni majina ya Kiakan. Fanta, Bintou, Moussa, Mamadou na Sissoko ni majina yenye asili ya kaskazini au ya majirani wa kaskazini. Ignace na Hervé ni majina ya ubatizo. Katika miaka ya 1990 wanasiasa wa Kodivaa waliikuza itikadi iliyotaka kumpambanua mwananchi halisi na asiye halisi, na jina la mtu likatosha kumtia mashakani mbele ya askari. Katika Yopougon ya mwaka 1978, kama anavyoikumbuka Abouet, Ignace na Fanta ni mume na mke, Adjoua na Bintou wanagombana juu ya wanaume na kupatana, na hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka wapi. Msomaji wa Abidjan wa mwaka 2005 hakuhitaji kuandikiwa vita ili aone kisichokuwamo. Msomaji wa Kenya anayeikumbuka miezi ya mwanzo ya mwaka 2008, wakati majina ya ukoo yalipogeuka kuwa hati ya kupitia vizuizini, naye haoni ugumu wowote.

Hata hivyo, si kila ukimya unaweza kuokolewa kwa hoja hiyo. Félicité, msichana wa kazi nyumbani kwa Aya, anaonekana mara nyingi kuliko anavyosikika. Yeye pia ana mahali pa kukumbuka, yaani kijiji alichotolewa, lakini kijiji hicho hakina udongo wala rangi kama Yopougon inavyovipata. Ni kweli kwamba juzuu ya tatu inamsogeza mbele, ikamwingiza katika shindano la urembo la Miss Yopougon, lakini ni ili mtaa umtazame, si ili yeye autazame mtaa. Kumbukumbu ya mtoto wa nyumba haiwezi kuwa kumbukumbu ya aliyekuwa akiifagia nyumba hiyo, na safari hii mchoraji naye hakuuliza.

Mwishoni mwa juzuu kuna kurasa za ziada ambazo wahakiki huelekea kuzichukulia kama pambo: faharasa ya maneno ya Abidjan, namna ya kufunga kitenge, mapishi ya mchuzi wa karanga, kinywaji cha tangawizi, maelekezo ya namna ya kutikisa kiuno mtu anapotembea. Kurasa hizi zinastahili kusomwa pamoja na hadithi. Zinachukulia kwamba mahali ni ujuzi wa mwili kabla ya kuwa sura mbele ya macho, na kwamba ujuzi huo unaweza kufundishwa kwa mgeni, kama ulivyofundishwa kwa mchoraji mwenyewe.

Swali linalobaki linahusu juzuu ya saba. Ilipotoka mwaka 2022, Abouet alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja na miaka saba ya utoto wake ilikuwa mbali zaidi ya miongo minne, ilhali Aya bado ni kijana. Oubrerie naye alikuwa ameichora Yopougon, ua kwa ua na meza kwa meza, tangu mwaka 2005. Katika juzuu hiyo hana haja ya kuuliza tena milango ni mingapi. Anaikumbuka.